Taa ya nyuma ya skrini ya LCD: haiwaki, imefifia, haizimiki, au inaungua

Skrini ndogo ya LCD ya herufi 16 kwa mistari 2, ile inayoendeshwa na chipu ya HD44780 au nakala zake, ina pini 16. Kumi na nne za kwanza ni za skrini yenyewe. Mbili za mwisho, ya 15 na ya 16, hazijui lolote kuhusu herufi. Ni njia ya taa tu. Ukikosea waya za data utaona alama za ajabu, utarekebisha na kuendelea na kazi. Ukikosea hizi mbili, taa inaweza kuungua ndani ya sekunde chache, nayo haifufuki.

Ndiyo maana namshauri kila anayeanza aichukulie skrini kama vifaa viwili vilivyobandikwa pamoja. Kimoja ni kioo na chipu zake, ambacho hula miliampea chache tu. Kingine ni taa ya LED, na LED haina breki. Ikishafika kwenye volti zake za kuwaka, ukiongeza volti kidogo mkondo unaruka juu sana. Breki yake ni rezista. Kwenye baadhi ya skrini mtengenezaji ameshaiweka nyuma ya bodi, kwenye nyingine hakuweka, na kwa macho skrini hizo zinafanana kama mapacha.

Kwanza, jua una taa ya aina gani

Taa za kijani-manjano huwa ni LED nyingi zilizotandazwa chini ya kioo kizima, zikiwa zimeungwa mbili mbili kwa kufuatana. Zinahitaji volti 4.2 hivi, na zinaweza kula miliampea 100 au zaidi. Taa nyeupe na za bluu kwa kawaida ni LED moja au chache zilizokaa pembeni, zikimulika kipande cha plastiki kinachosambaza mwanga. Hizo zinahitaji volti 3 hadi 3.3, na miliampea 15 hadi 20 zinazitosha kabisa.

Ukiwa na karatasi ya vipimo ya skrini yako, soma humo uachane na kubahatisha. Kama huna, fanya kipimo hiki kabla ya kitu kingine chochote. Kinahitaji rezista mbili na multimita tu.

Unga volti 5 kwenye pini ya 15 kupitia rezista ya omu 1,000, kisha pini ya 16 iende hasi. Taa itawaka kwa unyonge, na hicho ndicho tunachotaka. Pima volti kati ya pini ya 15 na ya 16, uandike. Sasa toa rezista hiyo, weka ya omu 220, upime tena pale pale. Kwenye taa nyeupe, volti zikipanda kidogo tu, tuseme 0.2 au 0.3, basi ndani hakuna rezista na kazi ya kuiweka ni yako. Zikipanda kwa zaidi ya nusu volti, ndani kuna rezista, mara nyingi ya omu 100 hivi. Geuza skrini utafute kidude kilichoandikwa 101 karibu na njia ya pini ya 15. Namba hiyo maana yake ni omu 100. Ukikuta kimeandikwa 0 au 000, hicho ni daraja la waya lililovaa sura ya rezista. Hakizuii chochote.

Taa haiwaki kabisa

Usikimbilie kusema imeungua. Zima taa za chumbani, chukua tochi, mulika kioo kwa pembeni huku skrini ikiwa imewashwa. Skrini za herufi nyeupe juu ya bluu hazisomeki bila taa yake, kwa hiyo skrini nzima inaonekana imekufa wakati ni taa pekee iliyogoma. Ukiona herufi zikijitokeza chini ya tochi, umeshapunguza tatizo kwa nusu.

Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni kidaraja. Kama skrini yako imebandikwa bodi ndogo ya I2C (inayopokea data kwa waya mbili tu) yenye chipu ya PCF8574, pembeni mwake kuna pini mbili zilizofunikwa na kikofia cha plastiki. Umeme wa taa unapita hapo. Kikofia kikidondoka, taa haiwaki hata ufanye nini. Kirudishe.

Baada ya hapo, programu. Kwenye bodi hizo taa huwashwa na transista inayopokea amri kutoka kwenye chipu, na amri hiyo lazima itumwe. Maktaba nyingi (programu zilizoandikwa tayari za kuendesha skrini) hutaka uandike mstari wa kuwasha taa baada ya mstari wa kuanzisha skrini, na wengi huusahau. Anwani ya bodi uliyoiandika kwenye programu ikiwa si sahihi amri haifiki pia. Anwani za kawaida ni 0x27 na 0x3F, jaribu zote mbili. Kuna pia maktaba zinazochukulia transista kinyume: ukiagiza iwake inazima, ukiagiza izime inawaka. Ukiona mwanga unajitokeza kwa sekunde moja wakati wa kuwasha halafu unapotea, hilo liangalie kwanza.

Kama huna bodi ya I2C, angalia mpangilio wa pini. Hapa ndipo watu makini nao hunaswa. Zipo skrini ambazo pini ya 15 na ya 16 zimewekwa kabla ya ya 1, yaani ukianza kuhesabu kutoka pembeni, mbili za mwanzo ni za taa. Zipo nyingine ambazo chanya na hasi zimebadilishana. Amini maandishi ya bodi, A au LED+ kwa chanya, K au LED- kwa hasi, kuliko picha uliyoiona mahali pengine. Ukiwa umegeuza kwa bahati mbaya ukiwa na rezista ya omu 1,000, hakuna kilichoharibika, geuza tu waya. LED nyingi huvumilia volti 5 za kinyume, lakini zaidi ya hapo usizijaribu.

Mwisho kabisa ndiyo kuungua au kuachia kwa lehemu. Weka multimita kwenye alama ya diodi, mkono mwekundu kwenye A, mweusi kwenye K. Taa nyeupe inaweza kutoa mwanga hafifu gizani. Isipotoa usikate tamaa, kwa sababu multimita nyingine hazina volti za kutosha kuiwasha LED nyeupe, sembuse ya kijani-manjano yenye mbili zinazofuatana. Rudi kwenye kipimo cha omu 1,000. Ukipata volti 5 kamili kati ya A na K na hakuna mwanga, njia imekatika. Angalia miguu ya taa pembeni mwa bodi, pale inapolehemiwa. Mara nyingine kuipitishia upya risasi ya kulehemu kunamaliza kazi. Ukipata karibu sifuri, kuna shoti mahali.

Taa inawaka vizuri lakini hakuna herufi

Taa haina kosa. Zungusha kile kirekebishi kidogo, potenshomita ya omu 10,000, mpaka volti za pini ya 3 zifike karibu na 0.5. Ukiona mstari wa juu umejaa visanduku vyeusi, skrini ina umeme lakini haijapata maagizo. Nimelitaja hili kwa sababu moja tu: wengi hudhani kirekebishi hicho ni cha mwangaza, wakifikiri mwanga hautoshi wanaongeza volti kwenye taa, na hapo ndipo taa nzima inapogeuka kuwa mbovu.

Iliwaka kwa mwanga mkali, ikafifia, ikafa

Hii ndiyo dalili ambayo kinga yake ni senti na tiba yake ni kununua skrini nyingine. LED imepewa mkondo kuliko uwezo wake. Dakika za mwanzo inapendeza kweli. Kisha nyeupe inaanza kuonyesha ubuluu, upande mmoja unapoteza nguvu, na baada ya saa au siku kadhaa inabaki giza. Kwenye taa za kijani-manjano kifo huja kwa mafungu: jozi moja inakatika, kisha zilizobaki zinabeba mzigo wake, na kioo kinakuwa na mabaka.

Mimi ya kwanza niliiua hivyo hivyo. Nilikuwa nimeshaunga skrini tano za aina moja moja kwa moja kwenye volti 5 bila shida, kumbe zile zote zilikuwa na rezista ndani. Ya sita ilionekana sawa nazo kabisa. Nilijisifu jinsi inavyong'aa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua volti za chanzo, toa volti za LED, gawanya kwa mkondo unaoutaka ukiwa katika ampea. Kwa taa nyeupe ya volti 3.2 kwenye volti 5, ukitaka miliampea 15: 5 kutoa 3.2 ni 1.8; gawanya kwa 0.015, unapata omu 120. Lakini mimi huanza na 330, ambayo hutoa miliampea 5 na ushei. Jicho halihesabu mwanga kama multimita inavyohesabu mkondo. Ukipunguza mkondo kwa nusu, mtu aliyekaa chumbani haoni nusu ya mwanga imepotea. Anaona imepungua kidogo. Anza juu, shuka taratibu hadi usomaji uwe mzuri, kisha acha hapo hapo.

Taa ya kijani-manjano ina mtego wake. Volti 4.2 ziko karibu mno na volti 5, hivyo rezista inabakiwa na volti 0.8 tu za kufanyia kazi. Kwa miliampea 100 hesabu inakupa omu 8. Sasa fikiria chanzo chako kinatoa 5.25 badala ya 5, na LED zako zinatosheka na 4.0. Kwenye rezista ya omu 8.2 mkondo unakuwa miliampea 150 na ushei, nawe huna habari. Anza na omu 22. Itatoa karibu miliampea 36, na kwa matumizi ya ndani ya nyumba sijawahi kuona haja ya zaidi.

Chanzo kikiwa volti 12, angalia pia wati. Taa ya miliampea 100 itadai rezista ya omu 78 hivi, na rezista hiyo itapoteza karibu wati 0.8 kama joto. Zile ndogo za robo wati zitabadilika rangi, zitanuka, kisha zitakatika.

Imefifia tangu siku ya kwanza

Hapa tatizo limegeuka: breki ni nyingi mno. Huenda umeweka rezista yako ilhali ndani ilikuwepo nyingine. Hakuna madhara, punguza ya nje, au itoe kabisa ikiwa kipimo cha mwanzo kimethibitisha ya ndani ipo.

Sababu ya pili ni kuilisha volti 3.3. Bodi nyingi za siku hizi, kama ESP32 na Raspberry Pi, hutoa volti hizo kwenye pini zake. Taa nyeupe inayotaka 3.2 itaiachia rezista sehemu ndogo tu ya volti, na ya kijani-manjano haitawaka kabisa. Chukua umeme wa taa kutoka volti 5, halafu ile pini iachie kazi ya kuamuru transista tu.

Ya tatu inaumiza. Umeunga taa moja kwa moja kwenye pini ya mikrokontrola. Kwenye ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, miliampea 40 kwa pini ni mpaka wa mwisho wa kutovuka, na 20 ndizo za kufanyia kazi kwa amani. Taa ya kijani-manjano ikiomba 100, volti za pini zinadidimia, taa inafifia, na chipu inapata joto. Usiishi na hali hiyo hata kama "inafanya kazi".

Njia sahihi ni transista ya NPN: emita kwenye hasi, kolekta kwenye K ya taa, na A ya taa ipate volti 5 kupitia rezista yake. Besi ipokee amri kutoka kwenye pini kupitia omu 1,000 kwa taa nyeupe, au omu 470 kwa ile yenye njaa. BC547 ina mpaka wa miliampea 100, kwa hiyo iachie nyeupe. Kwa kijani-manjano tumia ya familia ya 2N2222. Soma mpangilio wa miguu kwenye karatasi ya kila moja. Hata zile zinazobeba namba inayokaribia 2222 hazikubaliani kati yao, na ukizigeuza zitafanya kazi kiasi cha kukuchanganya: taa itawaka, ila hafifu.

Umeizima lakini bado inawaka

Kama inawaka nusu nusu, uliza transista yako iko upande gani. Waliotumia transista ya PNP upande wa chanya wa volti 5, kisha wakaiamuru kwa pini ya volti 3.3, hukutana na hili sana. Ili izime, besi inapaswa ifikie karibu volti 5. Pini inatoa 3.3, inabaki tofauti ya 1.7, na hiyo inatosha kabisa kuiacha ikipitisha umeme. Hamia NPN upande wa hasi.

Kama ni mosfeti (aina nyingine ya transista), weka rezista ya omu 10,000 kutoka geti, mguu wake wa kupokea amri, kwenda hasi. Bila hiyo geti huelea wakati bodi inawaka na kabla programu haijashika pini, na taa hufanya itakavyo.

Inacheza, au herufi zinavurugika kila taa inapowaka

Tikisa waya kwanza. Bredibodi iliyochoka na waya nyembamba ndizo zinazoongoza, na miliampea 100 zikipita humo volti zinapotea njiani. Ukiona ukolevu wa herufi unabadilika kila mwangaza unapobadilika, hasi ya taa na hasi ya skrini zinapita kwenye waya mmoja. Pini ya 3 inafanya kazi kwenye nusu volti, kwa hiyo hata sehemu moja ya kumi ya volti inayopotea kwenye waya ile inaonekana. Ipe taa waya wake wa hasi hadi kwenye chanzo.

Kama bodi nzima inajizima na kuanza upya taa ikiwaka, chanzo hakitoshi. Kapasita ya mikrofaradi 100 karibu na skrini husaidia mtikisiko mfupi, lakini haiongezi nguvu ya chanzo kilichozidiwa.

Mwanga unaopepesa kwa mpangilio hutokana na PWM (kuwasha na kuzima haraka haraka ili kupunguza mwangaza) ya polepole. Arduino Uno hutoa takribani hezi 490 kwenye pini nyingi, na 980 kwenye ya 5 na ya 6. Jicho halioni hayo, ingawa kamera ya simu huonyesha mistari. Ukiona kwa macho, basi PWM umeitengeneza mwenyewe ndani ya programu na kuna mahali panaichelewesha. Na kumbuka, PWM si badala ya rezista. Inawasha na kuzima tu, na kila inapowaka mkondo ni ule ule kamili.

Kuna kinachopata moto

Kikiwa regulata ya 7805 inayopokea volti 12, ni hesabu ya kawaida. Inadondosha volti 7, na kwa miliampea 160 inapoteza wati 1.1. Iongezee bati la kupoza joto au punguza volti za kuingia. Kikiwa ni bodi ya skrini yenyewe, hasa kwenye chipu nyeusi ya mviringo nyuma, chomoa mara moja. Huenda pini ya 1 na ya 2 zimegeuzwa. Usirudishe umeme "kuangalia tu".

Skrini za rangi

Moduli ndogo za TFT zina pini ya LED au BL. Kwenye baadhi ya bodi pini hiyo inakwenda kwenye transista na inataka amri tu. Kwenye nyingine inakwenda moja kwa moja kwenye LED. Anza kama ilivyo kawaida, na rezista kubwa. Paneli kubwa, za inchi 7 na kuendelea, mara nyingi hufuatanisha LED tatu au zaidi na kuhitaji volti 9 au zaidi zenye mkondo unaodhibitiwa. Tumia saketi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na usiiwashe kamwe bila taa kuungwa: isipoona mzigo, nyingine hupandisha volti zao mpaka zijiharibu, na ukiunga taa hapo ndipo inapopokea pigo.

Simama hapa

Si skrini zote za zamani zinazotumia LED. Ukifungua ukakuta karatasi nyembamba nyeupe au ya waridi nyuma ya kioo, yenye miguu miwili na bodi ndogo inayolia kwa sauti nyembamba, hiyo ni taa ya EL. Inahitaji umeme wa AC wa karibu volti 100, na haitawaka kwa volti 5. Ukikuta mrija mwembamba wa kioo, ni CCFL. Kuuwasha huhitaji zaidi ya volti 1,000, na ndani yake mna zebaki. Bodi yake ndogo hubaki na chaji baada ya kuzima, kwa hiyo multimita ya kawaida isiguse hapo. Mpe fundi wa vifaa vya volti kubwa.

Mpe fundi pia kama chanzo chako ni cha umeme wa nyumbani na kimefunguka, kimepasuka, au ukigusa hasi yake unahisi mtetemo wa umeme. Betri ya lithiamu iliyovimba usiichaji wala kuitoboa. Itenge na vinavyowaka. Na kama kioo kimepasuka kikavuja majimaji, vaa glavu, yafute, nawa mikono kwa sabuni, kisha itoe skrini hiyo kazini hata kama taa yake bado inawaka.